Maua Mawili ya Mata wa Kalwala

Watu wa Kisumu wakiambiwa kwamba Kalwala kuna hekalu la Kihindu, kwanza hucheka. Kalwala yenyewe ni soko la siku moja kwa wiki, kinu kimoja cha kusaga mahindi, makanisa manne yanayoshindana kwa vipaza sauti, na barabara ya kuteremkia ziwani ambayo mvua ikinyesha hujifanya mto. Mhindu akatafute nini huko? Lakini hekalu lipo, na halikuomba ruhusa ya mtu wa Kisumu. Liko nyuma ya duka la zamani lenye baraza ya nguzo. Ni dogo, rangi yake ya waridi imepauka, lina kengele moja na paa la mabati, na ndani yake ameketi Mata, mungu mama, juu ya simba wake, mikono minane, macho makavu, akitazama ziwa. Wenyeji humwita Min Sibuor, yaani Mama Simba, na wakipita na ng'ombe wao humsalimu kama jirani.

Sanamu hiyo ililetwa na Kanji, babu wa marehemu mume wa Daxa, mtunza hekalu wa sasa. Kanji alinunua njugu na pamba za wakulima, na inasemekana aliweza kupima gunia kwa kulitazama tu, na akikosea, alikosea kwa faida yake. Alipojipatia kidogo akamwagiza Mata kutoka Gujarati. Mata akaja kwa meli, akaja kwa treni, akaja kwa mashua hadi ufukweni, amefungwa blanketi kama mgonjwa, kisha akapandishwa mlima mabegani mwa vijana wa Kalwala. Kila ukoo hapa una babu aliyebeba upande mzito. Ukiwajumlisha mababu hao wote, sanamu yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza ilibebwa na kijiji kizima, na wote walikuwa nyuma, penye uzito.

Mila za hekalu nazo zimeota mizizi hapa hapa. Kengele ya jioni ikilia, ndiyo saa ya kurudisha mbuzi. Anayevuna njugu za kwanza huleta konzi moja, zikapikwa na sukari nguru, na hiyo ndiyo prasad, chakula kilichobarikiwa, ambacho kila anayefika hupewa bila kuulizwa anasali wapi. Navratri, sikukuu ya Mata, kwingine huchezwa kwa ngoma na kinanda. Kalwala huchezwa kwa orutu, ile fidla ya uzi mmoja ya Wajaluo, tangu mwaka ambao mpiga ngoma wa Kisumu alikwama kwenye matope na mzee mmoja akauliza wanamngojea nini. Kuhani wa mjini alipoisikia mara ya kwanza alishika kichwa. Mwaka uliofuata alicheza mpaka kilemba kikafunguka.

Kuna pia mila ya maua. Jambo zito likitokea, mtunza hekalu huchuma maua mawili mekundu ya haibiskasi, huyalowesha, na kuyabandika kwa maji tu kwenye mabega ya Mata. Maji yakikauka, maua huanguka. La bega la kulia likitangulia, Mata amekubali. La kushoto likitangulia, amekataa. Na kulia ni kulia kwake Mata, yeye ndiye mwenye mabega. Mpaka jibu lipatikane, hakuna anayekula. Wahindi wa Uganda walipofukuzwa na familia za Kalwala zikaanza kufunga masanduku kwa hofu, Mata aliulizwa kama waondoke, na ua la kushoto likadondoka kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Masanduku yakafunguliwa. Daxa mwenyewe aliletwa hapa kama bibi arusi kwa sababu ua la kulia lilianguka, na usiku mwingine, mume wake alipokoroma, alitamani kumwuliza Mata kama alikuwa na hakika.

Hofu haikuwaondoa watu, lakini shule na biashara ziliwaondoa. Mmoja alifuata watoto Kisumu, mwingine Nairobi, mwingine akafuata baridi ya Uingereza, mpaka ikabaki nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo, baada ya mume kufariki, akabaki Daxa. Ana miaka sabini na kitu, goti moja bovu, na ulimi usio na ubovu wowote. Kila asubuhi humwogesha Mata, humvisha, humwimbia, humsimulia habari za kijiji. Hajioni mpweke. Ana Mata, ana duka lenye chumvi na viberiti, na ana Rachael Aoko.

Aoko huuza omena, wale dagaa wa ziwani. Daxa tangu azaliwe hajaonja kiumbe chenye macho. Kwa hiyo urafiki wao umejengwa juu ya upepo: Aoko huketi upande ambao upepo unamfikia ukiwa umeshapita kwa Daxa. Dishon, kitinda mimba wa Aoko, alizaliwa katika stoo ya duka, juu ya magunia ya chumvi, siku ambayo mvua ilikata barabara, na mkunga alikuwa Daxa. Waume zao walikufa wakipishana mwaka mmoja. Kila asubuhi Aoko hufagia uwanja wa hekalu na kukalia ngazi ya chini, lakini kizingiti cha chumba cha Mata hajakivuka hata siku moja. Hakukatazwa na mtu. Mwenyewe alisema kwamba hata kanisani kwao si kila mtu hupanda madhabahuni.

Basi mwaka huu, mvua za vuli zikikaribia, Aditya alikuja. Ni mwana wa pekee wa Daxa, ana duka la vifaa vya ujenzi Kisumu, mtu mpole anayekunja uso anapotaka kusema jambo zito, na siku hiyo alifika uso ukiwa umekunjwa tangu garini.

"Ba," akamwambia mama yake, "kamati imemaliza ukumbi mpya. Wanataka Mata ahamie kule. Kuna taa, kuna marumaru, kuna watu mia tatu kila Jumapili."

"Hapa kuna nini?"

"Hapa kuna wewe, Ba. Hekalu bila waumini ni stoo. Si mimi niliyesema, ni Bwana Harshad." Harshad ndiye mwenyekiti wa kamati. "Na wewe utakuja ukae na sisi. Mkwe wako Kajal amekuandalia chumba. Goti lako hili, siku ukianguka huku, nani atajua?"

Daxa alitaka kusema kwamba Aoko atajua kabla hata hajafika chini. Badala yake akasema, "Mimi si mwenye Mata. Aulizwe kwa maua. Baada ya Navratri, mbele ya watu wote." Hata Harshad hakuweza kukataa hilo. Mila ni mila.

Jioni hiyo Daxa alimweleza Aoko, kisha akangoja. Alimngojea apige ukelele wa wuololo, afunge leso kiunoni, aende kumfuata Aditya barabarani. Aoko alitafuna njugu yake mpaka ikaisha.

"Mtoto akiita, mama anaenda," akasema. Halafu akaanza kulalamikia bei ya mafuta taa.

Maneno hayo yalimchoma Daxa kuliko ya kamati nzima. Yeye aliyefikiri kwamba Kalwala ni kwake! Kumbe labda ni mazoea tu, kama goti bovu, unaishi nalo kwa sababu umelizoea. Siku zilizofuata alimwuzia Aoko chumvi bila utani, na Aoko akafagia bila kuimba, na kila mmoja akamwona mwenzake amebadilika. Daxa alijua alichokitaka. Alitaka kufia hapa, kengele ikilia kwa mkono wake. Alichokuwa hakijui ni kama kuna mwingine yeyote anayekitaka.

Navratri ikachezwa, orutu ikalia, ikaisha. Asubuhi ya maua, Daxa aliingia kwa Mata peke yake. Alimwogesha, akamvisha sari ya kijani, akayalowesha maua mawili. La kushoto alilibandika kwa maji, kama mila inavyotaka. La kulia akalishika mkononi muda mrefu. Jikoni sufuria ya sukari nguru ilikuwa ikichemka kwa ajili ya prasad, na kidole chake kidogo, ambacho ni vigumu kusema nani alikituma, kilikuwa na tone zito linalonata kama gundi.

"Nisamehe," akamwambia Mata. "Najua ungekataa mwenyewe. Nakusaidia tu."

Akalibandika ua la kulia kwa sukari nguru. Hilo halianguki leo wala kesho, na la kushoto likidondoka, Mata atakuwa amekataa kuhama. Akavuta pazia mbele ya sanamu, akamwacha Aoko akifagia uwanja, akaenda kumalizia chakula akinyata kama mwizi wa kuku.

Saa nne watu wakajaa. Wageni wa Kisumu walikuja na magari mawili pamoja na pikapu ya Aditya, iliyokuwa imetandikwa godoro jipya la kumlazia Mata njiani. Wenyeji waliketi kwenye mikeka, kina mama mbele, na Zadock Ondiek, mpiga orutu, karibu na mlango. Pazia likafunguliwa. Taa zikazungushwa mbele ya Mata, kengele ikalia, swali likaulizwa kwa sauti na Harshad mwenyewe: Mata, uende Kisumu?

Wakaimba. Maua yakakauka. Wakaimba tena.

Ua la kulia halikuanguka, na Daxa alijua sababu. Lakini la kushoto nalo halikuanguka. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia kwa joto, maua yote mawili yakasinyaa yakawa kama masikio ya mzee, na bado yameng'ang'ania. Harufu ya njugu na sukari nguru ilikuwa ikitoka jikoni na kuwatesa watu. Harshad, ambaye tumbo lake halijazoea kungoja, alitazama saa, akatazama jikoni, akatazama saa.

"Huyu mama yenu anafikiria sana," Ondiek akasema, akiukunjua mkono uliokufa ganzi kwa kupiga orutu.

"Labda hajaelewa swali," mtu mwingine akajibu kutoka nyuma. "Muulizeni na Dholuo."

Watu wakacheka, Daxa akacheka nao kwa meno tu. Alikuwa akijiuliza kama Mata amekasirika. Hajawahi kumwona akikaa kimya hivyo. Ndipo akawaona sisimizi. Walitokea chini ya simba, wakapanda mkia, wakapita mgongoni kwa mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride, wakaelekea moja kwa moja kwenye bega la kulia.

"Kuna wadudu," Harshad akasema, akiinuka nusu. "Kwa nini wanakwenda upande mmoja?"

"Kaa chini, Bwana Harshad, nitawafuta," Daxa akasema, na goti bovu likainuka kwa kasi ambayo lilikuwa halijaijua kwa miaka kumi.

Akaingia ndani, akaupanga mgongo wake uwazibe watu, akawapangusa sisimizi kwa upindo wa sari. Akiwa pale akaona afadhali amalize kazi. La kushoto lilihitaji pumzi tu, likidondoka mambo yameisha. Akalipuliza. Halikutikisika. Akalipuliza tena mashavu yakavimba. Akaligusa kwa ncha ya kidole, na ua likamkatalia kama msumari. Akainamisha kichwa, akachungulia chini ya kikonyo.

Palikuwa na kitu cheupe, kigumu, chenye alama ya kidole gumba. Akakikwangua kwa ukucha, akakinusa. Ugali.

Daxa alisimama akiukodolea macho ugali ule. Ugali wa kiporo, uliofinyangwa vizuri mpaka ukawa laini. Na juu yake, hafifu sana lakini bila shaka yoyote, ilikuwapo harufu ambayo hakuna sabuni wala limau lililowahi kuimaliza kabisa, harufu ya omena.

Akageuka polepole. Watu wote walikuwa wakimtazama isipokuwa mmoja. Aoko alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, ameuma ncha ya leso, anavitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuviona. Alikuwa amevuka kizingiti. Miaka yote hiyo hakuwahi, na leo alikivuka, na alikivuka ili amwibie mungu jibu.

Furaha ikampanda Daxa ghafla mpaka akalazimika kujishikilia kwenye simba. Alicheka, machozi yakamtoka, akaendelea kucheka, na watu wa Kisumu wakaanza kunong'ona kwamba ni njaa.

"Ba, kuna nini?" Aditya akauliza akimkaribia.

"Hakuna jibu," Daxa akasema kwa sauti, akiwageukia wote. "Msimlaumu Mata. Ua la kulia nimelibandika mimi kwa sukari nguru. Sikutaka aende. Na mimi sitaki kwenda. Nimesema."

Uwanja ukavuma. Harshad akasimama wima, uso umemwiva. "Daxaben! Mtunza hekalu! Umemdanganya Mata mbele ya macho yake?"

"Na mimi!" Aoko naye akainuka, leso ikamtoka kinywani. "Usimgombeze peke yake. Ile ingine ni yangu. Nimeweka ugali. Mimi ni mtu wa kanisa, kesho niko kwaya, mambo ya Mata mimi sijui sana. Lakini nilisikia ya kulia ikianguka Min Aditya anaenda. Nikasema hiyo ya kulia haitaanguka, yawa, hata Yesu akirudi."

"Ulibandika lipi?" Daxa akamwuliza.

"Ya kulia. Hii hapa." Aoko akauelekeza mkono wake wa kulia kwenye bega la Mata lililokuwa mbele ya mkono huo.

"Huo ni upande wako, Aoko. Mata anatutazama sisi. Hilo ni bega lake la kushoto."

Aoko alimtazama Mata, akautazama mkono wake, akajigeuza mgongo pale pale, akaona. Mikono ikaenda kichwani.

"Wuololo! Kumbe nilikuwa nakufukuza!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye kinu, na mwenye kinu akazima mashine aje aone. Ondiek alicheka mpaka orutu ikamponyoka. Hata kina mama wa Kisumu, waliokuja na nguo za heshima, walikuwa wakijifuta macho kwa pindo za sari. Harshad peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama.

"Huu si mzaha," akasema. "Maua yachumwe upya, yabandikwe kwa maji, na mara hii nitayabandika mimi."

Aditya hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama mama yake, na uso wake, uliokuja umekunjwa tangu ile siku ya kwanza, ulikuwa umekunjuka.

"Ba, mbona hukuniambia tu kwamba hutaki?"

"Ulikuja na chumba kimeshaandaliwa, mwanangu. Mtu atakataaje chumba kilichoandaliwa kwa mapenzi?"

Aditya akatikisa kichwa, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Bwana Harshad, uliniambia hekalu hili halina watu."

"Hao si waumini. Wamekuja kwa ajili ya njugu."

"Inawezekana. Lakini leo wawili wao wamehatarisha kukasirikiwa na Mata ili asiondoke, na mmoja hata si wa dini yetu. Kule ukumbini tuko mia tatu. Akihamishwa kesho, ni nani kati yetu atamwibia jibu? Mimi nisingefanya. Wewe ungefanya?"

Harshad akaketi polepole. Ni mtu wa kamati, lakini si mtu mbaya.

"Tutamwuliza tena," Aditya akaendelea. "Siku tutakayoweka maua hapa na asitokee mtu hata mmoja wa Kalwala wa kuyabandika, siku hiyo nitakuja na pikapu mwenyewe. Godoro lile limekuwa la Ba. Goti lake linalihitaji."

Ondiek akaipiga orutu kwa kuridhika, wazee wakagonga fimbo chini, na mtu wa nyuma akauliza, sasa, kwa kuwa hakuna jibu la kungojea, kama sheria ya kutokula bado ingalipo. Harshad akatafakari suala hilo la kidini kwa uzito wote, kisha akasema kwamba kwa maoni yake haipo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya prasad, akarudi mara ya pili, na mara ya tatu akatuma sahani.

Daxa aliyakwangua maua yote mawili, akayaosha mabega ya Mata kwa maji ya vuguvugu, akamwomba radhi kwa niaba ya watu wawili. Mata akatazama ziwa kama kawaida yake.

Wageni walipokwisha kuondoka na godoro limeshaingizwa chumbani, Daxa alichukua sinia ya njugu zilizobaki, akashuka kwenda kuketi kwenye ngazi ya chini. Hakujali upepo unatoka wapi. Aoko alisogea kidogo, akatia mkono kwenye sinia, wakatafuna pamoja.

"Kwa nini ulisema vile?" Daxa akauliza. "Eti mtoto akiita mama anaenda. Wiki nzima nilikuwa nalia jikoni."

"Ulitaka niseme nini? Nikuombe ukae, halafu uanguke, halafu Aditya aniulize nilikuwa nakuzuia kwa nini? Halafu ukose wajukuu yako kwa sababu ya mtu wa omena?" Aoko alisema yote hayo akiitazama barabara. "Nililia pia. Yangu ilikuwa kwa choo, watoto wasione."

"Ungeniomba, Min Dishon."

Aoko alimeza njugu zake. Akapangusa mikono kwenye leso, akamgeukia, na macho yake yalikuwa yameanza kujaa.

"Haya basi, naomba sasa. Usiende."

"Siendi," akasema Daxa.